Sansevieria ya Ukingo wa Njano

Sansevieria ya ukingo wa njano hupandwa sana kwenye vyungu vya sebuleni, maofisini na hotelini. Wengi huidhania mkonge, kwa kuwa majani yake ni magumu na husimama wima kama mapanga. Mkonge, hata hivyo, ulitoka Mexico, na ncha ya jani lake huchoma. Sansevieria hii ni ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Wataalamu waliijua kwa jina la Sansevieria trifasciata hadi mwaka 2017, ilipohamishiwa kwenye jenasi ya Dracaena. Aina yenye ukingo wa njano huitwa Laurentii, kwa heshima ya Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea nchini Kongo.

Kuitambua si kazi. Majani huchomoza moja kwa moja kutoka udongoni, bila shina la juu, na huweza kupita urefu wa mita moja. Katikati ya jani kuna mawimbi ya kijani kibichi na kijivu yanayokatiza upana wake. Pembeni, kila upande, kuna mstari wa njano unaopanda hadi nchani. Jani la mviringo kama fimbo ni la sansevieria ya aina nyingine.

Mmea huu hustawi karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, ingawa huvumilia kivuli. Gizani hukua polepole na majani hulegea. Baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huudhuru.

Kinachouua zaidi ni maji. Vitundu vya majani yake hufunguka usiku, wakati jua halipo, hivyo hupoteza maji kidogo mno. Kabla ya kumwagilia, kidole kizamishwe udongoni. Kikikuta unyevu, kumwagilia kusubiri. Mara nyingi wiki mbili au tatu hupita kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Udongo uchanganywe na mchanga, na chungu kiwe na matundu chini. Jani likilainika shinani na kutoa harufu ya uvundo, limeoza: likatwe, na mmea uhamishiwe kwenye udongo mkavu.

Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Utomvu wake una saponini, kemikali inayoweza kumtapisha paka, mbwa au mtoto akitafuna jani.

Kuuzalisha kunahitaji uangalifu. Kipande cha jani kikichomekwa mchangani huota mizizi, na baada ya miezi hutoa chipukizi, lakini chipukizi hilo huwa la kijani tupu. Sababu ni kwamba jani lina seli za namna mbili: za ukingoni hazina umbijani wa kutosha, za ndani ni za kijani, na chipukizi huanzia kwenye hizo za ndani.

Anayetaka kubaki na njano hugawa shina la chini. Fungu zima hung'olewa na kukung'utwa udongo, mpaka lionekane shina nene linalotambaa kama tangawizi. Hukatwa kwa kisu kikali, kila kipande kikiwa na majani na mizizi yake. Vipande huachwa kivulini siku moja au mbili ili vidonda vikauke, kisha hupandwa, na maji ya kwanza hutiwa baada ya siku kadhaa.