Picha Isimfungie Mtu Mlango: Tovuti za Kanisa kwa Waamini Wote

Takribani mwaka 600 Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha takatifu makanisani kwa hofu kwamba watu wangeziabudu. Papa alikubali kwamba picha haziabudiwi, lakini hakukubali zivunjwe, kwa maana huwekwa kanisani ili asiyejua kusoma apate kufahamu kwa kutazama. Kwa kanuni hiyo twaweza kuzipima hata tovuti zetu: picha ipo ili kumfikishia habari yule ambaye asingeipata. Ikimzuia, imekwenda kinyume cha kusudi lake.

Sisi tulioko Pemba tunazihitaji picha hizo. Jimbo letu la Zanzibar lina visiwa viwili, na wengi wetu hatuwezi kuvuka bahari kwenda Unguja kila panapokuwa na adhimisho. Picha ya daraja takatifu au ya Kipaimara humfanya mwamini wa Wete au Mkoani ajione yumo katika familia moja. Hatusemi basi picha ziondolewe, bali ziwekwe vizuri.

Uzito wa picha

Picha moja ya simu janja yaweza kuwa na megabaiti 4. Habari yenye picha 30 za namna hiyo hufikia megabaiti 120, na mwenye bando dogo huishiwa kabla ya kuimaliza. Picha hizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa, kila moja yaweza kushuka hadi kilobaiti 200 hivi, na zote kwa pamoja zikawa megabaiti 6. Katika kioo cha simu tofauti haionekani kwa urahisi. Zaidi ya hayo, picha 5 au 6 zilizochaguliwa vyema hutosha kusimulia tukio. Nyingine zikae katika ukurasa wa pili, kwa anayezitaka.

Tangazo lililofungiwa ndani ya picha

Tatizo kubwa zaidi ni bango. Ratiba ya Juma Kuu huandikwa juu ya picha, kisha hupandishwa kama picha. Kwa mwenye macho mazima ni maandishi. Kwa kompyuta ni rangi tupu. Mzee mwenye mtoto wa jicho akiikuza, herufi hufifia. Asiyeona hutegemea programu inayosoma skrini kwa sauti, kama TalkBack iliyomo katika simu nyingi za Android. Naye mara nyingi huambiwa tu kwamba hapo pana picha. Ijumaa Kuu huadhimishwa mara moja kwa mwaka, na aliyeikosa saa ya ibada hana nyingine ya kuifidia. Dawa ni nyepesi: siku, saa na mahali viandikwe kwa maandishi ya kawaida chini ya bango.

Maelezo mbadala

Kila picha yenye habari iandikiwe maelezo mafupi katika nafasi iliyotengwa kwa kazi hiyo, ambayo programu ya sauti huyasoma. Kuandika “picha ya ibada” hakumsaidii mtu. Lakini “Askofu akimpaka binti Krisma, msimamizi ameweka mkono begani mwake” humpa asiyeona kile tulichokiona sisi. Picha ya pambo tu iachiwe nafasi hiyo tupu, ili programu iiruke. Ukurasa nao utambulishwe kuwa ni wa Kiswahili kwa alama “sw”, maneno yetu yasije yakasomwa kwa matamshi ya Kiingereza.

Haya si matakwa yetu binafsi. Shirika la W3C lilitoa miongozo yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1999, na toleo la 2.2 likatoka mwaka 2023. Miongozo hiyo hudai pia maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Herufi nyeupe juu ya picha ya mapadre waliovaa alba hazifikii kipimo hicho. Nayo Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaohesabu upatikanaji wa habari kuwa ni haki, wala si hisani.

Basi, wanaohudumu katika mawasiliano ya parokia wamwombe mwamini asiyeona aisikilize tovuti mbele yao, kisha wamwulize amekwama wapi. Bwana wetu alipomwita Bartimayo hakumkisia haja yake. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Nasi tuanze kwa kuuliza.