Sanaa ya kughani na kuigiza yawapa vijana wa Malindi na Kilifi sauti

MWAKA wa 1913, serikali ya kikoloni ilipotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba na kuihudumia serikali kama wapagazi, upinzani haukuanzia ofisini wala katika mkutano wenye kibali. Ulianzia uwanjani, penye ngoma.

Mjane aliyeitwa Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma inayohusishwa na matanga, na kila alipocheza watu walikusanyika. Watu wakishakusanyika, alisema aliyotaka kuyasema kuhusu kodi, kazi za shuruti na vijana waliokuwa wakichukuliwa.

Mwezi Oktoba mwaka huo alikamatwa, naye pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii. Mapema mwaka wa 1914 walitoroka na kurejea kwao. Mwezi Agosti, Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama.

Leo mji wa Malindi una bustani yenye jina la shujaa huyo, na tamasha la kumkumbuka limekuwa likiandaliwa kila mwezi wa Agosti. Hata hivyo, funzo kuu la ngoma yake halijapewa uzito unaostahili. Funzo lenyewe ni kwamba mtu asiye na kiti barazani anaweza kulipata sikio la umma, mradi ajue kuwakusanya watu kwa sanaa na kuwaachia nafasi ya kuitikia.

Funzo hilo linawahusu mno vijana wa Malindi na Kilifi.

Wengi kwa idadi, wachache kwa usemi

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba takriban robo tatu ya Wakenya wote walikuwa na umri wa chini ya miaka 35.

Licha ya wingi huo, mambo mazito ya jamii kama vile ardhi, mirathi, ndoa na tuhuma za uchawi huamuliwa zaidi na watu wazima. Kijana anayesimama na kumkosoa mzee ana kwa ana huonekana kuwa amekosa adabu, hata anapokuwa na hoja nzito. Kwa msichana, mlango huwa mwembamba zaidi.

Hapa ndipo sanaa inapofaa. Mhusika katika mchezo wa kuigiza anaweza kutamka neno ambalo mjukuu hathubutu kumwambia babu yake. Mghani naye hufumba, na wahenga walishasema kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Aliyelengwa husikia, lakini hakuna aliyemvunjia heshima mbele ya watu.

Desturi hiyo ni kongwe katika mwambao. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya mwaka wa 1776 na 1840, alitunga mashairi kuhusu vita, siasa, mapenzi na ukata. Wataalamu wa fasihi husema kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Washairi wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa beti, kila upande ukitetea mji wake, na wasikilizaji wakawa ndio waamuzi.

Kwa hiyo, vijana wanaoghani jukwaani leo hawajaiga tu mtindo wa ng'ambo. Ni kweli kwamba mashindano ya kughani yaliyoanzishwa na Marc Smith mjini Chicago, Marekani, katika miaka ya 1980 yameenea duniani kote, na kwamba jijini Nairobi majukwaa ya aina hiyo yalishamiri katika miaka ya 2000. Lakini msingi wake, yaani mtu mmoja kusema na umma kuhukumu, ni jambo ambalo watu wa pwani walilijua kabla ya Chicago kuwa jiji.

Mchezo unaosimama katikati

Ipo aina ya uigizaji ambayo imeonekana kuwafaa vijana wa vijijini kuliko tamthilia ya kawaida. Mwasisi wake ni Augusto Boal wa Brazil, aliyeikuza katika miaka ya 1970. Nchini Kenya, makundi ya vijana yalianza kuitumia kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa katika elimu ya Ukimwi.

Utaratibu wake ni mwepisi. Kundi la vijana huchagua tatizo linaloisumbua jamii na kulichunguza kwa kuwauliza wanaolijua. Siku ya onyesho hupiga ngoma sokoni au chini ya mwembe mpaka watu wakusanyike. Huigiza kisa mpaka kifikie kilele, kisha huukatiza mchezo ghafla.

Mwezeshaji hujitokeza na kuwauliza watazamaji: huyu sasa afanye nini? Anayejibu hatakiwi kujibu akiwa ameketi. Huitwa uwanjani, achukue nafasi ya mwigizaji na kuonyesha kwa vitendo kile ambacho angefanya. Mwingine asiporidhika, naye huingia. Kisa kimoja huweza kuigizwa mara tatu au nne, kila mara kikimalizika kwa namna tofauti.

Chukua mfano wa suala la wazee wanaouawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi, jambo ambalo limeripotiwa Kilifi kwa miaka mingi. Wengi wa waathiriwa huwa na mvi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo hutajwa ugomvi wa ardhi ndani ya familia. Huko Ganze, Kaya Godoma imewahi kuwa kimbilio la wazee waliotishiwa maisha.

Mhadhiri akija kijijini na kutangaza kwamba mauaji hayo ni uhalifu, watu watamwitikia kwa adabu na kwenda zao. Lakini mchezo ukisimama pale ambapo mjukuu anaombwa na ndugu zake aseme mahali babu yake anapolala, kila aliye uwanjani hulazimika kuwaza. Kijana atakayeingia kuchukua nafasi ya mjukuu huyo atakuwa ametamka hadharani, mbele ya majirani, ni upande gani anaosimama. Neno lililosemwa mbele ya kijiji ni gumu kulimeza.

Hiyo ndiyo nguvu ya sanaa hii. Haimhubirii kijana, bali humfanyisha mazoezi ya ujasiri kabla ya siku atakayouhitaji.

Jukwaa lisilo na majibu

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba kila onyesho linawajenga vijana. Kukusanya watu ni nguvu, na nguvu hiyo huweza kutumika vibaya.

Mfano ulio karibu ni disko matanga. Familia iliyofiwa hukodi vyombo vya muziki na kuandaa dansi ya usiku kucha ili kuchanga fedha za mazishi. Katika miaka ya 2010, Kilifi ilipokuwa ikitajwa mara kwa mara kuhusiana na mimba za wasichana wa shule, maafisa wa serikali na walimu waliunyoshea kidole mtindo huo, na amri za kuupiga marufuku zikatolewa zaidi ya mara moja.

Tofauti baina ya kifudu cha Mekatilili na disko matanga si kwamba kimoja ni cha jadi na kingine ni cha kisasa. Vyote viwili vinatokana na matanga, na vyote viwili huwaleta vijana pamoja. Katika kimoja, ngoma ilifungua njia ya mazungumzo. Katika kingine, muziki huzima mazungumzo yote, na msichana aliye katika hatari hana pa kusemea.

Mfano mchungu zaidi ni wa Shakahola. Mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo ulioko Malindi, ambako, kwa mujibu wa mashtaka, waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa. Mkasa huo uliionyesha nchi yote jinsi neno la msemaji mmoja asiyeulizwa swali linavyoweza kuangamiza.

Kijana aliyezoea kukatiza mchezo na kuuliza kwa nini, ama kumjibu mghani mwenzake kwa ubeti, amejifunza kwamba hakuna msemaji asiyeulizwa. Mazoea hayo yana thamani kuliko makofi ya watazamaji.

Nani anayelipa, nani anayefaidi

Suala jingine ni riziki. Kwa miongo mingi, vikundi vya ngoma vya Malindi na Watamu vimetegemea hoteli za kitalii. Hucheza gonda au sengenya kabla ya chakula cha jioni, wakapokea ujira mdogo na kuondoka. Mgeni huona miguu na manyoya, lakini maneno ya wimbo hayamfikii.

Riziki hiyo imethibitika kuwa dhaifu. Mwaka wa 2014, Uingereza na mataifa mengine yalipowatahadharisha raia wao dhidi ya kuzuru sehemu za pwani kwa sababu za kiusalama, hoteli kadhaa zilifungwa. Mwaka wa 2020, janga la Korona likazifunga tena.

Mashirika ya misaada nayo yana kasoro yake. Mara nyingi huja na ujumbe uliokwisha kuandikwa, yakawataka vijana waukariri. Mradi ukimalizika, kundi husambaratika. Kijana aliyekuwa kipaza sauti cha mwingine hubaki bila sauti yake mwenyewe.

Sheria inatoa kinga fulani, ila wengi hawaijui. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inatambua haki za mtunzi na pia za mwigizaji. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 nayo inaipa jamii haki juu ya ngoma, nyimbo na ngano zake. Kundi linalorekodiwa kwa ajili ya tangazo au filamu lina haki ya kuuliza picha hizo zitatumikaje, na kwa malipo gani.

Aidha, hazina ya kutungia ipo. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata, mila na desturi zinazohusiana na kaya hizo ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kijana anayemwendea mzee kumwuliza maana ya wimbo wa zamani huokoa wimbo huo, na wakati uo huo humrejeshea mzee heshima ambayo tuhuma zimemwondolea.

Uhuru wa kusema

Vijana wanaoingia katika sanaa hawana budi kuijua pia historia ya hatari zake. Mwaka wa 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii kwa lugha yao. Kibali kiliondolewa mwezi Novemba, na mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa. Lakini mwezi Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru na mchezo ambao mahakama ilikuwa imeamuru uruhusiwe. Polisi walifyatua gesi ya kutoa machozi kuwatawanya watu. Wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.

Tamasha hilo, lililoanza mwaka wa 1959, ndilo mlango ambao vijana wengi wa Kilifi hupitia kuingia katika uigizaji, mashairi na ngonjera. Shida ni kwamba mlango huo hufungwa siku kijana anapomaliza shule. Asiyeendelea na masomo hubaki na kipawa kisicho na uwanja.

Kwa hivyo, jukumu limo mikononi mwa serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na makumbusho. Ukumbi wa bei nafuu Malindi, Kaloleni au Ganze, penye taa na paa na pasipo masharti ya kumsifu mtu, ungewafaa vijana kuliko fulana na kofia za kampeni.

Walimu wanaweza kuwaalika waliokwisha kuhitimu warudi kuwafunza wadogo zao. Wazee wa kaya wanaweza kuketi mstari wa mbele, wasikie, kisha wajibu. Kijana aliyesikilizwa na kujibiwa hujiona kuwa mwenye mji, na mwenye mji hauchomi mji wake.