Mlinzi Aliye Ndani ya Kipindupindu

Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana kijijini Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakingoja meli ya Liemba iwafikishe Kigoma, na kutoka hapo waende kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kipindupindu kikazuka. Kufikia Mei 22 watu 31 walikuwa wamekufa. Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena ili kupunguza msongamano wa Nyarugusu.

Sote twajua kuwa ugonjwa huu huletwa na bakteria. Lakini sumu inayomaliza maji mwilini, bakteria huyo amepewa na mwingine. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walionyesha kuwa jeni za sumu hiyo zimebebwa na virusi vinavyoishi ndani ya bakteria. Bakteria asiye na sumu akivipokea, huipata.

Virusi hivyo vikishaingia, hutulia. Vina jeni inayotengeneza protini ya kuzuia, ambayo hunyamazisha jeni zao nyingine, mfano wa mlinzi aliyekaa mlangoni. Mlinzi huyo huwazuia hata virusi wenzao wa aina ile ile wanaotoka nje.

Je, jeni ya mlinzi ikibadilika? Tumejifunza kutokana na virusi viitwavyo lambda, vinavyoishi katika bakteria wa utumbo. Mlinzi wao akiharibika, havilali tena. Huzaliana mara moja na kumpasua bakteria. Virusi vya kipindupindu kwa kawaida havimpasui mwenyeji wao, ila navyo vina walinzi wa aina mbalimbali. Mlinzi wa aina moja hamzuii mgeni wa aina nyingine. Basi bakteria mwenye virusi tayari anaweza kupokea vingine, na hivyo ndivyo vimelea hubadilika.

Nasema haya kwa sababu moja. Mabadiliko hayo hatuwezi kuyakataza, lakini yanahitaji bakteria wengi, na bakteria hao huongezeka mgonjwa mmoja anapomwambukiza mwingine kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Choo kinachotumika, maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, na mikono iliyonawiwa kwa sabuni hukata safari hiyo. Aliyekwisha kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari upesi, akimbizwe kituo cha afya.