Sola ya Nyumba: Hesabu Kwanza, Lipa Baadaye

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mama na baba, vijana wenzangu, nyote mlioko Mantapala, na jirani zetu wa Nchelenge na Kashikishi, hadi ufukoni mwa Ziwa Mweru, leo tunaongea juu ya sola ya nyumba. Chukua kalamu na karatasi. Kama huna, mwite mtoto anayesoma akuandikie.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa darasa la mtihani. Tuliuza karanga zetu zote, nikaenda sokoni, nikanunua paneli iliyoandikwa wati 100. Ilikuwa ndogo kama sinia la chakula. Bei ilikuwa nzuri, nami sikuuliza kitu. Wiki ya kwanza taa ilizimika saa mbili usiku. Mdogo wangu alirudi kwenye mshumaa, ndani ya nyumba ya nyasi, na mama hakulala kwa kuogopa moto. Karanga zilikuwa zimekwisha. Ndiyo maana leo nawaambia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya kwanza: andika vitu unavyotaka kuwasha, na kwa saa ngapi kila siku. Kila kifaa kina wati zake. Zidisha wati kwa saa, unapata wati-saa. Zifikirie kama lita za maji: ni kiasi utakachoteka kila siku.

Tuchukue nyumba moja. Balbu 3 za LED, kila moja wati 3, zinawaka saa 4: hiyo ni 36. Redio ya wati 2 kwa saa 5: hiyo ni 10. Simu mbili, tuseme 10 kila moja: hiyo ni 20. Jumla ni wati-saa 66 kwa siku. Pasi, jiko na birika la umeme usiviweke kwenye hesabu hii. Vinakula nguvu nyingi mno kwa mfumo mdogo.

Hatua ya pili: paneli. Paneli ndiyo kisima chako. Wakati wa kiangazi, hesabu kama saa 5 za jua kamili kwa siku. Wakati wa mvua, hesabu 3 tu. Kisha ondoa theluthi moja, kwa sababu nguvu hupotea kwenye joto, vumbi, nyaya na betri. Paneli ya wati 30 wakati wa kiangazi inakupa 30 mara 5, yaani 150. Ukiondoa theluthi inabaki 100. Inatosha nyumba yetu na akiba juu. Wakati wa mvua inakupa 60 tu. Hapo utazima balbu moja mapema, lakini hutalala gizani.

Kumbuka pia, miezi ya mvua ndiyo miezi ya kufungwa kwa uvuvi, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Jua ni dogo, na pesa pia ni kidogo. Kama unaweza, nunua baada ya mavuno, lakini pima kwa hesabu ya mvua.

Utajuaje kama wati zilizoandikwa ni za kweli? Beba rula. Paneli nzuri yenye upana na urefu wa mita moja hutoa karibu wati 150 hadi 200. Kwa hiyo paneli ya sentimita 50 kwa 40, ambayo ni sehemu ya tano ya hiyo, haiwezi kupita sana wati 40. Ikiwa imeandikwa 100, rudisha pesa yako mfukoni. Paneli ya kweli ya wati 100 huwa na urefu wa karibu mita moja, na si nyepesi kubeba.

Tena, mwambie muuzaji aipime kwenye jua kwa mita ya fundi. Usikubali volti peke yake, maana hata paneli ndogo inaweza kuonyesha volti 20. Omba aonyeshe ampea. Paneli ya wati 30 ya mfumo wa volti 12, jua la saa sita mchana, inapaswa kukaribia ampea moja na nusu.

(Muziki mfupi.)

Hatua ya tatu: betri. Hii ni pipa la kuhifadhi maji ya usiku. Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 12 ina 144, lakini usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa haraka. Nusu ni 72, inatosha ile 66 yetu kwa usiku mmoja. Betri ya lithiamu inaruhusu karibu asilimia 80, hivyo ampea-saa 7 zinatosha. Ni ghali zaidi, lakini kwa kawaida hudumu zaidi. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku haifiki mbali. Na betri ya risasi ina asidi: usiifungue, usiitupe karibu na kisima, waweke watoto mbali.

Usisahau kontrola kati ya paneli na betri, na fyuzi karibu na betri. Bila kontrola betri inajaa kupita kiasi na kuharibika. Bila fyuzi, nyaya zikigusana zinaweza kuwasha moto.

Kufunga: huku tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, imeinama kidogo ili mvua iioshe. Usiilaze juu ya nyasi. Ifunge kwenye nguzo imara. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kula nguvu nyingi. Kiangazi, futa vumbi kila wiki.

La mwisho ni malipo. Ukinunua kwa kulipa kidogo kidogo, uliza mambo manne kabla ya kuweka kidole. Bei yote ni kiasi gani mpaka mwisho? Nikikosa wiki moja, kifaa kinafungwa? Dhamana ni ya muda gani, na fundi yuko wapi? Na nikirudi Pweto, deni na kifaa vinakuwaje? Wenzetu wengi wamerudi Kongo tangu Desemba 2021, swali hili si la mchezo. Omba majibu kwa maandishi, katika lugha unayoielewa.

Kama pesa haifiki, taa moja ya sola yenye paneli yake ndogo ni mwanzo mzuri. Tafuta iliyopimwa ubora, yenye dhamana. Mdogo wangu alimaliza mtihani kwa taa ya namna hiyo, aliyoazimwa na jirani.

Peleka karatasi yako sokoni, mama. Muuzaji mwaminifu hataiogopa. Tuko pamoja.

(Muziki wa kufunga.)