Mlinzi wa Nyumba Anapolazwa Mezani

Mbwa ni mlinzi wa nyumba na rafiki wa watoto. Askari naye humtegemea katika kufuata nyayo za wahalifu. Hata hivyo, siku mlinzi huyo anapolazwa juu ya meza ya daktari wa mifugo, wenye mbwa wengi hawajui wafanye nini. Baadhi yao hukimbia, na wengine hung'ang'ania kutazama kisu mpaka wakazirai.

Tuchukue mfano wa mbwa jike mzee. Wiki chache baada ya siku zake za joto kupita, huenda akakataa chakula na kunywa maji kupita kiasi. Pengine usaha humtoka ukeni. Hizo ni dalili za usaha katika mfuko wa uzazi, ugonjwa uwezao kuua upesi. Tiba yake ya kutegemewa ni kupasuliwa na kutolewa mfuko huo pamoja na ovari.

Kazi ya mwenye mbwa huanza kabla ya kisu. Amshike kichwa na kumwita kwa sauti aliyoizoea, mpaka dawa ya usingizi imlegeze. Kisha ni vyema atoke nje, maana akizirai daktari atakuwa na wagonjwa wawili.

Msaidizi wa daktari hubaki, lakini macho yake hayapo kwenye kisu. Hutazama kifua akihesabu pumzi, na kinywa akiangalia ufizi. Ufizi wa rangi ya waridi ni habari njema. Ukigeuka mweupe au wa buluu, daktari huarifiwa papo hapo. Tena huubonyeza kwa kidole: rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2, damu haizunguki vema.

Jeraha likishashonwa, hatari haijaisha. Mwili hupoa katika usingizi ule. Basi mgonjwa afunikwe blanketi, na asipewe maji wala chakula kabla hajazinduka barabara. Azuiwe kulamba jeraha mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14.

Mbwa jike asiyekusudiwa kuzaa akitolewa kizazi angali kijana, hukingwa na maradhi hayo. Lakini yakimfika, mlinzi aliyekesha mlangoni miaka yote naye astahili kukeshewa usiku mmoja.