Upanga wa Enzi za Kati: anayeanza atazame ndani ya mpini kabla ya kutazama bei

Mnamo Julai 1982, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa vitara mjini Roma, kitara cha mchezaji wa Ujerumani Magharibi kilivunjika katikati ya pambano. Kipande kilichobaki mkononi mwake kilipenya kinyago cha waya cha mpinzani wake, Vladimir Smirnov wa Muungano wa Kisovieti, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Smirnov alifariki dunia siku chache baadaye. Kitara kile kilikuwa chembamba na chepesi, chombo cha michezo kilichotumiwa chini ya kanuni za kimataifa.

Upanga wa Enzi za Kati ni mzito kuliko kitara hicho, na siku hizi haupatikani katika majumba ya makumbusho pekee. Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini kuna vyama vya watu wanaojifunza upya namna mababu wa Kizungu walivyopigana, wakifuata vitabu vya walimu wa zama hizo. Kitabu cha kale zaidi cha aina hiyo kinachojulikana, cha mwanzoni mwa karne ya 14, kimehifadhiwa Leeds nchini Uingereza. Michoro yake inaonyesha padri na mwanafunzi wake wakipambana kwa upanga na ngao ndogo ya mviringo. Vijana wanaojiunga na vyama hivyo, wakiwemo wa familia zilizohamia Ulaya kutoka Afrika, hufika upesi kwenye swali la kununua upanga wao wenyewe. Wengi wao hawana fedha nyingi.

Swali la kwanza huwa bei. Ni swali la haki, lakini huulizwa mapema mno. Linalotangulia ni hili: upanga huo ni wa kufanyia nini?

Kuna upanga wa kupamba ukuta, kuna upanga wenye makali wa kukatia, na kuna upanga butu wa kufanyia mazoezi na mwenzake. Vitu hivi vitatu hufanana machoni pa mgeni, hasa katika picha za wauzaji, lakini kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Wa kukatia una ubao mwembamba na makali halisi. Hutumiwa kukata mikeka iliyoviringishwa na kulowekwa maji, na kamwe haunyanyuliwi mbele ya mtu. Wa mazoezi una kingo nene zisizokata, ncha iliyoviringwa au kukunjwa, na hupindika unapomgusa mtu kifuani kisha ukarudi kunyooka. Wa ukutani hauna kazi nyingine zaidi ya kutazamwa, na hakuna aibu kuumiliki. Aibu ni ya muuzaji anayeuita upanga wa vita.

Kinachofichwa na mpini

Tofauti kubwa kati ya upanga wa kazi na wa pambo haionekani kwa nje. Iko kwenye msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mkulima anajua maana yake, kwa sababu jembe lenye msuka mbovu humchomoka mtu mkononi. Katika upanga ulioundwa vizuri, ubao na msuka ni chuma kimoja. Msuka huanza ukiwa mpana, hupungua polepole ndani ya mpini, hupita katikati ya tufe zito lililo mwishoni, na ncha yake hugongwa ikatanuka kama kichwa cha ribiti. Kwa njia hiyo ubao, kinga ya mkono, mpini na tufe hushikana kama kiungo kimoja.

Katika panga nyingi za bei ya kutupa, ubao hukomea karibu na kinga ya mkono. Hapo huchomelewa kijiti chembamba chenye hesi, kisha tufe hufungwa kwa nati. Mahali palipochomelewa hupoteza ugumu wake sahihi, na ndipo hasa nguvu yote ya pigo inapokusanyika. Upanga wa namna hiyo unaweza kukaa ukutani miaka hamsini bila kasoro. Ukitikiswa kwa nguvu mara chache, ubao huweza kukatika na kuruka chumbani kama mkuki, na anayesimama mbele yake hana kinyago.

Isidhaniwe kwamba hesi yenyewe ni dalili ya ubovu. Mafundi wengi wanaounda panga nzuri za mazoezi hufunga tufe kwa nati, kwa sababu mpini wa mbao huchakaa na sharti ubadilishwe. Swali la kumwuliza muuzaji si kama kuna hesi, bali ni kama msuka ni chuma kimoja na ubao, na una upana gani chini ya kinga ya mkono. Muuzaji asiyejua jibu amekwisha kujibu.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Kamusi za kale za Kiswahili zinautaja upanga wa felegi, upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili, uliochukuliwa na Waarabu; na neno feleji hadi leo ni jina la chuma cha pua. Upanga wa kazi hutaka feleji yenye kaboni ya kutosha, takriban asilimia 0.5 hadi 0.8, ambayo hupashwa moto mkali, huzamishwa ghafla ndani ya mafuta ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena kwa kiasi ili isiwe kavu na kuvunjika kama kioo. Feleji ya jamii ya springi za magari hupendwa sana na watengenezaji wa siku hizi. Mhunzi wa kijijini anayefua kisu kutokana na springi ya gari kuukuu anafahamu sababu: chuma hicho hupindwa kikarudi.

Kwa hiyo maneno ya tangazo kama "hakishiki kutu" hayana budi kumtahadharisha mnunuzi. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kwa kisu cha jikoni, ambacho ni kifupi. Katika ubao wa sentimita 80 au 90, kwa kawaida huvunjika upesi kinapogongwa, na ndicho kinachojaa katika maduka ya mapambo.

Uzito na uongo wa sinema

Sinema zimewafundisha watu kwamba upanga wa Enzi za Kati ulikuwa gogo la chuma la kilo tano au zaidi. Si kweli. Panga halisi zilizohifadhiwa makumbusho, zile za mkono mmoja, nyingi zina uzito wa takriban kilo moja hadi kilo moja na robo. Zile ndefu za mikono miwili za karne ya 15 mara nyingi zina kilo moja na nusu hivi. Mtu aliyezitumia vitani alihitaji kuzinyanyua kwa saa nzima.

Wepesi huo haukuja kwa kupunguza chuma ovyo. Unene wa ubao ulipungua hatua kwa hatua, pengine milimita sita karibu na mkono na mbili au tatu karibu na ncha, na tufe la mwisho wa mpini likarudisha uzito mkononi. Mtengenezaji anayetaka kuokoa gharama huchukua bamba lenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho na kulichonga kingo. Matokeo yake, panga mbili zenye uzito uleule kwenye mizani hutofautiana kabisa mkononi: moja hugeuka kwa kifundo cha mkono, nyingine humvuta mtu kama ndoo iliyojaa maji. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu haulizii kilo tu. Huuliza pia mahali upanga unapolala sawa ukiwekwa juu ya kidole. Kwa upanga wa mkono mmoja, sentimita 8 hadi 15 kutoka kwenye kinga ya mkono ni kawaida.

Anayetaka kujua upanga wake unaiga wa karne ipi husaidiwa na kazi ya Mwingereza Ewart Oakeshott, aliyezipanga panga za Ulaya katika aina zinazoanzia X hadi XXII kwa kutazama umbo la ubao. Herufi na tarakimu hizo huonekana katika matangazo mengi. Ubao mpana wa aina za mwanzo ulifaa kukata. Ubao uliochongoka wa aina za baadaye, uliotokea pamoja na mavazi ya chuma, ulifaa zaidi kuchoma. Hiyo ni elimu tamu, lakini kwa anayeanza haitangulii msuka.

Bei, basi. Pambo la ukutani huuzwa kwa makumi ya yuro. Upanga wa mazoezi wa kuaminika kutoka kwa mafundi wa Ulaya ya mashariki na kati, kama Hungary au Poland, kwa kawaida hugharimu kati ya yuro 250 na 450, na kusubiri miezi kadhaa si ajabu. Kazi za mafundi mashuhuri hupita yuro elfu moja. Mwenye yuro 100 tu hafai kutafuta upanga wa chuma wa yuro 100. Anunue wa mbao au wa plastiki ngumu, ajifunze nao mwaka mzima, na atumie ule wa chama chake anapohitaji chuma. Kinyago na glavu nene huja kabla ya upanga, maana vidole ndivyo vinavyoumia kwanza.

Sheria nazo hutofautiana. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2008, ni marufuku kuuza panga zilizopinda zenye ubao wa sentimita 50 au zaidi, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Upanga ulionyooka wa Enzi za Kati haumo katika katazo hilo, ila hauuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Ujerumani huruhusu mtu mzima kuumiliki, lakini hairuhusu kutembea nao hadharani bila sababu inayokubalika. Anayekwenda mazoezini huufunga ndani ya mkoba wenye kufuli.

Upanga ukishafika nyumbani hupanguswa kila unaposhikwa, kwa sababu jasho la vidole huacha alama za kutu usiku mmoja tu, kisha hupakwa mafuta mepesi. Ala ya ngozi ni ya kutembelea. Upanga ukihifadhiwa humo kwa miezi, ngozi huvuta unyevu, na mwenyewe atakapouchomoa ataukuta umeota madoadoa mekundu.