Kula hotelini na watoto: kabla hujaagiza, soma hapa



Jumapili moja mimi na mama watoto tuliamua jiko lipumzike. Tukawabeba wanetu wawili, mmoja miaka mitano, mwingine miwili na nusu, hadi sehemu moja ya nyama choma hapa Dar (jina nalihifadhi). Tukaagiza kuku wa kuchoma na mishikaki. Mhudumu akasema "dakika ishirini tu". Dakika ishirini za Bongo wenyewe mnazijua.

Saa nzima ikapita, madogo wana njaa, wamechoka kukaa. Mishikaki ilipofika, yule mdogo akanyakua kipande, akakitia mdomoni huku anakimbia kuzunguka meza. Ghafla kimya. Hakohoi, halii, macho yamemtoka. Mimi baba mtu nimesimama na glasi ya maji, eti nimnyweshe! Mama mmoja wa meza ya jirani akamdaka, akamwinamisha, akampiga mgongoni mara tatu, nyama ikaruka.

Baadaye nikauliza wataalamu, na haya ndiyo niliyojifunza. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, na magego yake ya kusagia bado hayajakamilika. Ndiyo maana nyama ngumu, karanga, bisi na soseji iliyokatwa viduara ni hatari kwa walio chini ya miaka mitano. Kiduara cha soseji kinaziba koo kama kizibo. Ipasue kwa urefu kwanza, halafu ikate vipande vidogo. Nyama ichambue nyuzi nyuzi, samaki mtoe miba kwa vidole vyako mwenyewe.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele umpige kwa nguvu kati ya mabega mara 5, kwa sehemu ya chini ya kiganja. Bado? Kama amevuka mwaka mmoja, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara 5. Rudia hivyo hivyo kwa zamu, na mtu mwingine atafute msaada wa hospitali. Kichanga chini ya mwaka usimbinye tumbo kabisa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umkandamize katikati ya kifua mara 5. Maji usimpe. Na usichokonoe koo kwa kidole kama kitu hukioni, utakisukuma ndani zaidi.

Sasa hiyo saa nzima ya kusubiri. Kosa lilikuwa langu, niliagiza kama vile nipo na washkaji. Siku hizi nikifika swali la kwanza ni "nini kipo tayari?" Wali maharage au ndizi zinakuja fasta, watoto wanakula wamekaa, kuku atatukuta. Tena tunatoka saa sita kasoro, kabla ya msongamano wa mchana na kabla usingizi haujawafika.

Nakaa upande wa ukutani, mbali na njia ya wahudumu. Supu na chai naziweka katikati ya meza, maana ngozi ya mtoto ni nyembamba, inaungua haraka kuliko yetu. Kitambaa cha meza kinachoning'inia nakikunja juu, dogo akikivuta kinashuka na bakuli lake.

Wenye hoteli nao jamani! Mna luninga tatu za mpira, kiti kirefu cha mtoto hata kimoja hamna? Halafu mtoto akilia mnatukunjia sura.

Yule mama sikumuuliza hata jina. Niligeuka kumshukuru, nikakuta meza yake tupu.